Goti Linalojibu

Nyundo yenyewe ni ndogo, kichwa chake cha mpira, na katika wodi nyingi za wazazi haionekani kabisa. Muuguzi hutumia ubavu wa kiganja chake. Hupitisha mkono wa kushoto chini ya paja la mama, akauinua mguu kidogo mpaka ulegee, kisha akagonga kwenye kano, chini tu ya pia ya goti. Halafu husubiri. Ni kitambo kifupi mno, lakini ndani yake mna hukumu. Mguu ukiruka, hata kwa upana wa kidole, sindano inayofuata itachomwa. Usiporuka haichomwi, hata kama saa imetimia, hata kama cheti kimeandikwa na daktari bingwa. Sijui tendo jingine la hospitali lililo dogo kiasi hiki machoni na zito kiasi hiki kwa maana yake: mtu mzima kuuliza goti la mwenzake kama bado yupo, na kulisikiliza jibu.

Mama huyo ana kifafa cha mimba, au yuko ukingoni mwake. Presha imepanda, mkojo una protini, kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, ambayo kwa asili ni chumvi tu. Ni ileile inayoitwa chumvi ya Epsom, kwa jina la mji wa Uingereza ambako husimuliwa kwamba mnamo 1618 mchungaji mmoja aliona ng'ombe wake wakiyasusia maji ya dimbwi kwa uchungu wake, ingawa kiu ya kiangazi ilikuwa imewashika. Kwa vizazi vingi watu waliinywa ili kuendesha tumbo. Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti ulioitwa Magpie, uliofanyika katika nchi 33 kwa wanawake zaidi ya 10,000 wenye dalili za kuelekea kwenye kifafa cha mimba, na ikaonekana kwamba waliopewa chumvi hiyo walipungukiwa na hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Namna hasa inavyouzuia mtukutiko huo ndani ya ubongo haijaeleweka kikamilifu hadi leo. Wauguzi wetu wanaishika kila siku dawa ambayo sayansi inajua kwamba inaokoa, bado ikitafuta kujua inaokoaje. Pengine ndiyo sababu inadai kutazamwa.

Dozi ya kuanzia, kwa mpango unaotumika sana katika hospitali zetu, ni gramu 14: gramu 4 mshipani, polepole, na gramu 5 katika kila tako, ndani kabisa ya msuli, zikichanganywa na ganzi kidogo kwa sababu sindano hiyo inauma maumivu ya kukumbukwa. Dawa huja ikiwa kali, ya asilimia 50, na haiingii mshipani hivyohivyo. Muuguzi huvuta mililita 8 za dawa na mililita 12 za maji ya sindano, akapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20. Nane na kumi na mbili: hesabu ya darasa la tatu, inayofanywa saa tisa za usiku, mama akitupwa na kifafa kitandani, ndugu wakilia mlangoni. Ampuli za wiki hii huenda zikawa na gramu 5 kila moja, na za wiki ijayo, kutoka kiwanda kingine, gramu 1. Mkono uliozoea kuvunja ampuli moja lazima uzuiwe na jicho linalosoma upya kila mara, hata pale jicho linapodhani linajua.

Baada ya hapo, gramu 5 kila saa nne, tako hili kisha lile, mpaka zipite saa 24 tangu kujifungua au tangu kifafa cha mwisho, lolote lililochelewa zaidi. Na kabla ya kila sindano, mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti lijibu, na mkojo uliokusanyika katika saa nne ufike walau mililita 100. Mkojo umo humo kwa sababu chumvi hii karibu yote hutoka mwilini kupitia figo. Mlango ukizibika, kila dozi iliyo sahihi hujumlishwa na iliyotangulia. Haba na haba hujaza kibaba. Methali tuliyofundishwa shuleni kwa ajili ya kusifu akiba, hapa wodini ni onyo. Hakuna aliyekosea dozi, hakuna aliyechukua chupa isiyo yake, saa zote zimefuatwa, na bado mama anaweza kuzama taratibu katika dawa yake mwenyewe kwa sababu mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia chini ya kitanda haukutazamwa.

Kuna rehema moja katika sumu ya dawa hii, nami nimeiwaza mara nyingi. Madhara yake yana mpangilio. Goti hunyamaza kwanza. Pumzi hufuata baadaye, na moyo baada ya pumzi. Kati ya goti na pumzi mna nafasi, na uhai wote wa mama umewekwa katika nafasi hiyo. Anayeijua nafasi hiyo huandaa mapema ampuli ya kalsiamu glukoneti, gramu 1, ambayo ndiyo kinza-dawa yake, akaiweka karibu na kitanda badala ya kuiacha kabatini kwenye ufunguo wa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Asiyeijua ataona mama ametulia, atafurahi kwamba kifafa kimekoma na amelala usingizi mzuri, kumbe usingizi ule ndio wenyewe unaoogopwa. Utulivu wa mgonjwa una namna mbili, na kuzitenganisha ni elimu.

Na mama huyohuyo akishajifungua, hatari hubadilisha sura. Anahitaji dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isimwishe. Katika jokofu la leba, kati ya nyuzi 2 na 8, oksitosini na ergometrini hukaa jirani, ampuli ndogo ndogo zenye maandishi ya kusomwa kwa kukunja uso. Zote mbili hukaza mfuko wa uzazi. Ila ergometrini huibana mishipa ya damu na kuipandisha presha, na kwa mama ambaye presha yake ndiyo iliyomfikisha ukingoni, ni kumsukuma. Umbali kati ya dawa inayomfaa na dawa inayoweza kumpasua mshipa kichwani ni upana wa vidole viwili kwenye rafu ya jokofu. Wakunga wanaozitenga rafu mbalimbali na kuandika kwa kalamu nene wanafanya kazi ya kuokoa uhai ambayo haitaonekana popote, kwa kuwa lililozuiwa halina rekodi.

Dawa nyingine hazipigi hodi jinsi magnesiamu inavyopiga. Jentamaisini humwokoa mtoto mchanga aliyeingiwa na vijidudu kwenye damu, lakini ina ugomvi wa zamani na sikio na figo. Ampuli yake ya kawaida ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kipimo kilichofikiriwa kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 3 anayetakiwa kupewa miligramu 5 kwa kila kilo atapata miligramu 15, yaani chini ya nusu mililita. Nukta ikisogea nafasi moja tu, ameshapewa mara kumi. Naye hatasema. Hatalalamika kwamba mlio wa chuma umeanza kumlilia masikioni; pengine atajulikana baada ya mwaka na nusu, mama yake atakapoona kwamba anaitwa na hageuki. Katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ambako tangu 2009 walitibiwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, sindano ya kanamaisini, ndugu wa jentamaisini, ilikuwa sehemu ya matibabu kwa miezi mingi, mpaka miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilipoiondoa. Dawa za jamii hii huiba sikio kwa kuanzia na sauti nyembamba za juu, na zikishaharibu hakirudi kitu. Redio huongezwa sauti kidogo. Mtu huanza kuuliza "Umesemaje?" Kabla mashine ya kupimia usikivu haijaletwa, mwenye nafasi ya kuligundua hilo ni yule anayemchoma sindano kila asubuhi na kumsalimu, akasikia leo salamu imerudi ikiwa imechelewa.

Wazee wa vijijini na mijini wanaikumbuka klorokwini. Ilituondolea homa usiku mmoja na kutupa usiku mwingine wa kujikuna, kuwashwa kusiko na upele, viganjani na nyayoni, mpaka mtu aombe homa yake irudi. Si kila mtu aliwashwa. Ndugu wawili wa tumbo moja, dawa moja, mmoja alilala na mwingine alikesha. Kila chombo kwa wimbile. Walioteseka hivyo walijifunza kuikwepa: walimeza siku ya kwanza, wakaficha vidonge vya siku ya pili chini ya mkeka. Tanzania iliiacha dawa hiyo kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea. Ninaloliwaza ni kwamba vidonge vile vya chini ya mkeka vilikuwa ni habari. Vilikuwa vikisema jambo kuhusu dawa, kuhusu mwili, kuhusu ukimya wa kule dirishani ambako bahasha ilipokewa bila neno. Adha ambayo haikutajwa mapema humgeuza mgonjwa kuwa daktari wa nafsi yake, na udaktari wake wa kwanza ni kuacha.

Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya huruma. Inamtaka jirani asisubiri kuombwa, alete tu bakuli. Lakini imehamia mahali pasipo pake. Imeingia wodini na kuvaa sare, ikawa mgonjwa haulizwi chochote: haulizwi jina kabla ya kuchomwa, haulizwi kama aliwahi kuvimba midomo kwa penisilini, haulizwi alikula nini wala anakunywa dawa gani nyingine. Na mimi nasema mgonjwa aulizwe. Aulizwe jina lake alitamke mwenyewe, maana mtu aliye na homa kali ataitikia jina lolote. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi: wanafunzi wa uuguzi huyaimba mambo haya matano mpaka yanawatoka usingizini, na la kwanza kati ya hayo haliwezi kutimizwa na mtu asiyeuliza.

Kisha aambiwe. Anayeanzishiwa rifampisini kwa kifua kikuu aambiwe siku hiyohiyo kwamba mkojo wake utakuwa na rangi ya machungwa, na machozi pia, na kwamba si damu. Sentensi moja. Asipoambiwa, asubuhi ya pili ataona chooni kile anachokiona, atakumbuka kila uvumi aliowahi kuusikia, na hatarudi kliniki. Mama wa kifafa cha mimba aambiwe kabla bomba halijasukumwa: "Mama, utasikia joto linapanda mwili mzima, usiogope, ndiyo dawa. Ila ukiona pumzi nzito, niite hapohapo." Maneno hayo ni sehemu ya dawa, na kwa uchungu wangu wote siyaoni yakiandikwa kwenye orodha yoyote ya vifaa.

Sauti nayo ina kazi yake. Wanawake wengi hufika leba wakiwa wamekwisha kunywa kitu nyumbani: mizizi iliyochemshwa, majani ya kuongeza uchungu, kikombe kilicholetwa na mkwe kwa mapenzi matupu. Baadhi ya dawa hizo za miti shamba hukaza mfuko wa uzazi kwelikweli. Juu yake ikining'inizwa dripu ya oksitosini na mtu asiyejua, mfuko unaweza kuchanika, na kuanzia hapo mama na mtoto wote wawili wamo hatarini. Muuguzi anayeuliza kwa ukali, "Mmeshakunywa mitishamba yenu huko?" hupewa jibu moja tu, nalo ni hapana. Anayeinama na kusema, "Dada, bibi amekupa chochote cha kunywa? Sikugombezi, nataka nikusaidie vizuri," huenda akapata ukweli. Tumezoea kuuhesabu upole kuwa tabia njema ya mtu binafsi, jambo la malezi. Mimi nauhesabu kuwa kipimo, kama kilivyo kipimo cha presha, kwa sababu kuna taarifa ambayo haifikiki kwa chombo kingine chochote.

Na kuna yale yanayotukia mbali na wodi, nyumbani, penye bahasha ya karatasi iliyoandikwa "kutwa mara tatu". Aliyeandika alimaanisha kila baada ya saa nane. Aliyesoma ameelewa asubuhi, mchana na jioni, pamoja na chakula, na siku ambayo hakuna chakula cha mchana basi hakuna kidonge cha mchana. Huko pwani, mwezi mtukufu hupanga saa za mwili upya. Mtu wa kisukari anayemeza glibenklamidi, dawa inayoisukuma kongosho itoe insulini, akiimeza wakati wa daku kisha akafunga mpaka magharibi, sukari yake inaweza kushuka alasiri, akatoka jasho na kutetemeka, akachanganyikiwa, na walio karibu wakadhani ni swaumu tu imemzidi. Muuguzi wa kliniki anayeijua jamii yake haingoji Ramadhani. Mwezi wa Shaabani tayari anauliza, "Babu, mwaka huu unanuia kufunga?" na anayapokea majibu bila kubishana na imani ya mtu, akampeleka kwa daktari ili dozi na nyakati zipangwe upya.

Yote haya yanahitaji mtu aliye macho. Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Bohari ya Dawa inajua imepeleka ampuli ngapi; daftari la stoo linajua zimebaki ngapi; mkaguzi akija atahesabu. Hakuna anayehesabu macho. Usiku, katika wodi iliyojaa mpaka wengine wamelazwa wawili kitandani, muuguzi mmoja anatakiwa ahesabu pumzi za dakika nzima za mama huyu, agonge goti la yule, apime mkojo wa mwingine, na wakati huohuo leba inaita. Hapo ndipo kwenye faili huandikwa "pumzi 20" kwa wagonjwa wote waliofuatana, namba ile ile ikishuka ukurasa mzima. Wepesi wa kulaumu tunao. Lakini mwenye kupanga zamu hiyo, akaamini kwamba dawa imetolewa salama kwa kuwa ilifika, amekadiria nusu ya dawa tu. Nusu ya pili ni mtu, na mtu hachukuliwi stoo. Mwezi Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua wito wa dunia nzima wa matumizi ya dawa yasiyo na madhara, ukilenga kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa yanayoweza kuzuilika. Wito ulikuwa mwema. Naamini sehemu kubwa ya jibu lake ilikuwa, na bado iko, katika orodha ya zamu ya usiku.

Kuuona mwili wa mgonjwa kwa karibu kumewahi kuigeuza historia ya dawa duniani. Thalidomidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi isiyo na hatia. Wajawazito wakaimeza kwa kichefuchefu cha asubuhi, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo vilivyokatika njiani. Marekani ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi katika mamlaka ya dawa, alikataa kuisaini akidai ushahidi zaidi. Huko Sydney, katika hospitali ya wazazi ya Crown Street, mkunga Pat Sparrow anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuyaunganisha mambo mawili: watoto wale, na dawa ile waliyokunywa mama zao. Barua iliyochapishwa katika The Lancet Desemba 1961 ilikuwa na jina la daktari, William McBride. Simlaumu daktari kwa kuandika. Namfikiria mkunga, aliyekuwa amesimama pale watoto walipokuwa wakitoka, aliyejua nani alimeza nini kwa sababu ndiye aliyewauguza.

Uingereza ilianzisha kadi ya njano mwaka 1964, baada ya msiba huo, ili kila dhara linaloshukiwa liandikwe na kukusanywa mahali pamoja. Njano hiyo imefika Afrika Mashariki. Kenya ina fomu yake ya njano kwa madhara ya dawa, na ya waridi kwa dawa yenye ubora wa mashaka. Kinachonigusa katika utaratibu huu ni kwamba hautaki uthibitisho. Muuguzi wa zahanati aliyeona malengelenge mdomoni mwa kijana siku chache baada ya kupewa dawa ya salfa haombwi aeleze kemia yake. Anaombwa jina la dawa, namba ya toleo, siku ilipoanza kumezwa, siku dalili zilipotokea, na jinsi mgonjwa alivyoendelea. Shaka yake inatosha. Fomu moja kutoka Kigoma haisemi mengi. Ikikutana na nyingine kutoka Tanga na nyingine kutoka Mbeya, zenye namba ileile ya toleo, huanza kusema. Wanaozipokea wana deni pia: wamjibu. Wamwambie ilifika, wamwambie ilikutana na zipi, hata kama jibu ni kwamba haikukutana na yoyote bado. Muuguzi aliyeandika mara tatu bila kujibiwa hataandika mara ya nne, na sitaweza kumlaumu.